Buddha Mkubwa wa Katsuyama na Mji Ambao Haukumwomba

Wageni wengi wanaoshuka Katsuyama siku hizi wamefuata dinosaria. Mji wenyewe ni mdogo, umekaa bondeni katika mkoa wa Fukui, upande wa Japani unaoelekea bara la Asia, na milima inayouzunguka hupokea theluji nyingi. Mwaka 2000 mkoa ulifungua hapo jumba la makumbusho la dinosaria, maana mifupa inachimbwa katika miamba ya mji huo huo. Ukishuka stesheni kuu ya Fukui unapokewa na sanamu za dinosaria zinazotikisa vichwa na kunguruma, na watoto wanashangilia kwa furaha. Mimi Mtanzania nikiziona siachi kuifikiria Tendaguru yetu kule Lindi. Mifupa ilichimbwa huko kati ya 1909 na 1913, watu wetu wakaibeba vichwani na mabegani hadi pwani, na leo yule mkubwa wao amesimama Berlin. Katsuyama wamebaki na wa kwao, na mji unaendesha maisha kwa ajili yao. Nawaonea wivu, na sioni haya kusema hivyo.

Safari yangu haikuwa ya dinosaria, ingawa treni ilikuwa ile ile. Nilikuwa namfuata Buddha wa Echizen (jina la kale la eneo hili), sanamu iliyojengwa kwa mamilioni ya watalii ambao hawakuja.

Treni yenyewe inastahili kuelezwa kabla sijafika huko. Ina behewa moja au mawili, inakwenda taratibu kwa muda wa karibu saa nzima ikiandamana na mto Kuzuryu, kati ya mashamba ya mpunga na nyumba za vigae vyeusi. Ndani kuna mhudumu anayepita kwa abiria, anauza tiketi kwa wasiokuwa nazo, anamshika mkono bibi anayeshuka. Reli hii ilikaribia kufa. Desemba 2000 na Juni 2001 treni ziligongana uso kwa uso, mara mbili ndani ya miezi michache, serikali ikasimamisha huduma, na kampuni iliyokuwa ikiiendesha ikaona heri iachane nayo. Kwa takriban miaka miwili watu wa bonde hili waliishi bila treni. Barabara zikafurika magari, wanafunzi na wazee wakahangaika, hasa wakati wa theluji. Ndipo wenyeji wakaibana serikali ya mkoa na halmashauri za miji, zikaundwa hisa, fedha za umma na za watu zikachangwa, na mwaka 2003 treni zikarudi chini ya kampuni mpya iitwayo Echizen Railway. Naomba msomaji aliweke jambo hilo akilini, maana ndilo lililonisaidia kuelewa nilichokiona mwisho wa reli.

Stesheni ya Katsuyama iko upande mmoja wa mto na mji uko upande wa pili. Nilichukua teksi. Dereva alikuwa mzee wa makamo ya babu yangu, amevaa glavu nyeupe kama madereva wengi wa Japani. Nilipomwambia ninakokwenda, alinitazama kwenye kioo.

"Siyo kwenye makumbusho?"

"Hapana, mzee. Kwa Daibutsu, yule Buddha Mkubwa."

Akaondoa gari. Baada ya kimya kidogo akaanza kuzungumza mwenyewe. Mwaka ule hekalu lilipofunguliwa, akasema, barabara hii ilikuwa na mabasi yaliyofuatana. Nikamuuliza kama watu wa mji walifurahi. Alifikiri kabla ya kujibu. "Tulishangaa," akasema. "Kilikuwa kitu kikubwa mno kwetu." Nikamuuliza yeye aliingia lini kumwona. Aliingia baada ya miaka mingi, bei ilipokwisha kushuka, kwa sababu wajukuu walitaka. Mwanzoni kiingilio kilikuwa yeni 3,000 kwa mtu mmoja. Familia ya watu watano wa Katsuyama ingelipa yeni 15,000 kwenda kumtazama Buddha aliyeko mjini kwao.

Kabla hatujafika, pagoda, yaani mnara wa hekalu, ilikwisha kuonekana juu ya mashamba. Ina ghorofa tano na urefu wa mita 75. Ile ya hekalu la Toji kule Kyoto, iliyojengwa 1644 na inayohesabiwa kuwa pagoda ndefu kuliko zote za mbao nchini Japani, ina kama mita 55. Hii ya Katsuyama ni ya zege na chuma, na ndani imetiwa lifti. Mbali kidogo, katika mashamba mengine, inaonekana ngome ndefu nyeupe ya mtindo wa kale. Nayo ni mpya, ilifunguliwa miaka ya mwanzo ya 1990 kuwa jumba la makumbusho. Ukiviona vyote viwili kwa mara moja unaanza kupata picha ya aina ya mtu aliyevijenga.

Mtu huyo ni Kiyoshi Tada. Alizaliwa maeneo haya, akaenda Osaka, akatajirika kwa biashara ya teksi. Uzeeni aliamua kurudisha shukrani nyumbani. Hakujenga shule wala hospitali. Alijenga hekalu lote kwa mkupuo: lango kuu, ukuta wa majoka tisa kwa mfano wa ule wa Beijing, jumba la Buddha, pagoda, bustani, na mtaa wa maduka wa kumpokea mgeni. Gharama inayotajwa ni yeni bilioni 38. Hekalu lilifunguliwa 1987. Sanamu yenyewe, iliyoketi, ina urefu wa mita 17, yaani inaizidi ile ya Nara, mji mkuu wa zamani, yenye kama mita 15 ambayo kila mtoto wa Japani anapelekwa kuiona na shule yake. Sura yake ilifuata Buddha wa mapango ya Longmen nchini China, aliyechongwa katika mwamba na kukamilika karne ya 7 kwa msaada wa fedha za Malkia Wu.

Mwaka 1987 haukuwa mwaka wa kuogopa gharama. Benki Kuu ya Japani ilikuwa imeshusha riba hadi asilimia 2.5, bei za ardhi na hisa zilikuwa zikipanda kila uchao, na mwenye ardhi alikopeshwa akitaka asitake. Sanamu kubwa ziliota nchi nzima. Huko Kaga, mkoa jirani wa Ishikawa, alisimamishwa Kannon, mtakatifu wa huruma wa Kibuddha, wa mita 73 akiwa na mtoto mkononi, kukawa na hoteli na uwanja wa michezo ya watoto miguuni pake. Sendai walimaliza Kannon wa mita 100 mwaka 1991. Ushiku, karibu na Tokyo, walimaliza Buddha wa mita 120 miaka michache baadaye. Hisa za Tokyo zilifika kilele mwishoni mwa Desemba 1989, kisha zikaporomoka, na ardhi ikafuata. Tada alifariki 1991. Watalii walikuwa wameanza kupungua hata kabla ya hapo.

Teksi iliniacha mbele ya mtaa wa maduka. Nimeona maduka yaliyofungwa mahali pengi, lakini haya yalinigusa kwa namna ya peke yake, kwa kuwa yalijengwa yawe maduka na hayajawahi kuwa kitu kingine. Mji wa kale ukipoteza wafanyabiashara, nyumba zake bado ni nyumba. Hapa ni shata za chuma zilizoteremshwa, moja baada ya nyingine, upana wa njia ukitosha kupitisha mamia ya watu, na vibao vya zawadi na chai vilivyopauka. Nilitembea peke yangu. Nje ya lango palikuwa na maegesho makubwa ya magari, na magari yaliyokuwapo ungeweza kuyahesabu bila kunyoosha kidole. Kwenye dirisha la tiketi mama mmoja aliyevaa sweta alipokea yeni 500 zangu, akanipa karatasi ya maelezo kwa mikono miwili, akaniinamia. Nami nikamwinamia.

Mtu akisimulia mahali pa namna hii kwa kawaida huanza kutafuta nyufa na kutu, na vipo: zege lina madoa, majani yamechomoza kati ya mawe ya ngazi. Kilichonishangaza zaidi ni usafi. Ua ni mkubwa kama viwanja kadhaa vya mpira, na majani ya mipukutiko yalikuwa yamefagiliwa katika mafungu yaliyonyooka. Mfagiaji sikumwona, lakini mafungu yalikuwa bado hayajachukuliwa. Eneo lile lilijengwa kwa hesabu ya umati, na sasa linafagiliwa na watu wachache, nao hawajaacha kulifagia.

Kisha nikaingia jumbani.

Mimi nimelelewa Tanga katika Uislamu, nyumba ambayo hata picha ya mtu ukutani ilikuwa na mjadala. Sikuinama mbele ya sanamu na sikutarajiwa kuinama. Lakini lazima niseme ukweli kuhusu kilichonipata. Unatoka kwenye mwanga wa nje, unaingia kwenye nusu giza yenye ubaridi, na kwa muda macho hayapati mahali pa kushika. Unaona magoti kwanza. Halafu mikono. Halafu shingo yako inalazimika kuinuka, na uso uko huko juu, mtulivu, macho yameteremshwa. Pembeni wamesimama watu wanne wakubwa, wanafunzi wa Buddha na bodhisatva, yaani watakatifu wa Kibuddha, kila mmoja angekuwa maajabu popote pengine, na hapa wanaonekana watoto. Halafu unageuka kutazama kuta, na kuta zote, kutoka chini hadi karibu na dari, zimejaa vyumba vidogo vidogo, na ndani ya kila kimoja ameketi Buddha. Wako 1,281. Hawafanani. Huyu mikono iko kifuani, yule imelala mapajani, mwingine ameinua kiganja. Mwanga wa taa ndogo unawagusa usoni.

Nilikaa kwenye benchi. Katika muda wote huo waliingia mume na mke wa umri wa kati, wakasoma ubao, wakawasha ubani, wakaunganisha viganja, wakatoka. Basi. Sauti ilirudi kutoka juu kila mmoja wao alipokohoa. Nimekwenda Nara, na Nara unasukumwa na wanafunzi, unaona kichwa cha Buddha kati ya simu zilizoinuliwa. Hapa hakuna aliyekuharakisha. Kama uzuri wa mahali pa ibada ni kumpa mtu nafasi ya kunyamaza na nafsi yake, basi hekalu hili lililodharauliwa linautoa kwa wingi kuliko mengi yenye majina, na nasema hivyo bila kumbembeleza mtu.

Kwa nini, basi, lilianguka? Wanaoandika habari zake wanataja bei, na kweli bei ilikuwa mbaya. Wanataja kuporomoka kwa uchumi. Wengine wanasema halina historia, Wajapani hawawezi kuabudu kitu cha juzi. Hoja hiyo ya mwisho siikubali. Kila cha kale kilikuwa cha juzi siku moja.

Mahekalu mengi ya Japani yanaishi kwa familia. Kwa desturi kila ukoo una hekalu lake, ambako makaburi yake yanatunzwa na maiti wake wanasomewa, na ukoo huo ndio unaochangia paa likivuja. Hekalu la Tada halikuwa na ukoo hata mmoja. Lilizaliwa na wateja tu. Wateja walipoacha kuja, hapakuwa na mtu ambaye paa lile lilimhusu. Kodi ya majengo ikalimbikizwa isilipwe, halmashauri ya mji ikashika baadhi ya mali, pamoja na pagoda, ikazitia kwenye mnada. Mnunuzi hakutokea. Nani anunue pagoda ya mita 75? Baadaye mahali hapo paliwekwa rasmi kuwa hekalu la madhehebu ya Kibuddha ya Zen ya Rinzai, chini ya tawi la Myoshinji, kiingilio kikateremshwa, na maisha yakaendelea kwa pumzi ndogo.

Linganisha na Nara. Mfalme Shomu alipotoa tamko la kujenga Buddha Mkubwa mwaka 743, nchi ilikuwa imetoka kwenye ndui na njaa. Katika tamko lile alisema kwamba mtu yeyote akitaka kusaidia, hata kwa jani moja la nyasi au konzi ya udongo, aruhusiwe. Mtawa Gyoki, ambaye hapo awali serikali ilimwandama kwa kuhubiri mitaani bila kibali, ndiye aliyepewa kazi ya kuwakusanya watu. Sitaki kuipamba historia: mradi ule uliwakamua wakulima na kuimaliza shaba ya nchi. Lakini watu waliutia mkono. Sanamu ilifunguliwa macho, yaani ikatakaswa kwa kuchorwa mboni, 752 na mtawa kutoka India, Bodhisena. Baadaye yakaja majanga. Vita vya 1180 vililiunguza jumba. Vita vya 1567 viliunguza tena, na kichwa cha sanamu kikaharibika. Jumba la muda likaangushwa na dhoruba 1610, na kwa takriban miaka 100 Buddha wa Nara aliketi nje, akinyeshewa mvua, na kichwa cha kubandika. Sanamu kubwa iliyochakaa, katika mji uliokwisha kupoteza cheo. Mtawa mmoja, Kokei, akazunguka nchi akichangisha, sanamu ikatengenezwa na kufunguliwa macho upya 1692, na jumba tunaloliona leo likamalizika 1709. Buddha mkubwa wa mji wa Kamakura ni hivyo hivyo. Fedha zilianza kukusanywa na mtawa Joko kwa kupita kwa watu, shaba ikaanza kumiminwa 1252, jumba likaangushwa na dhoruba na mawimbi, na sanamu imebaki nje kwa zaidi ya miaka 500 bila mtu kusema imekufa.

Sanamu zile ziliporomoka zaidi ya hii ya Katsuyama. Zilinyanyuliwa kwa kuwa palikuwa na watu waliojiona wana fungu ndani yake, hata kama fungu lao lilikuwa konzi ya udongo wa babu wa babu yao. Mzee Tada, kwa ukarimu ambao sina shaka nao, alifanya yote peke yake. Alilipa yote. Aliamua yote. Mji uliamka ukaambiwa huyu hapa Buddha wako, kiingilio yeni 3,000. Angewaomba jirani zake jiwe moja moja, nadhani leo kungekuwa na mtu wa kuondoa yale majani kwenye ngazi kwa sababu jiwe ni la mama yake. Watu wale wale, katika bonde lile lile, walipigania behewa mbili za treni mpaka zikarudi.

Dereva alikubali kurudi kunichukua, na nikamwomba anipeleke Heisenji, si mbali, kwenye miguu ya milima. Huko nako ni magofu, ila ya heshima. Mahali hapo pa ibada panasemekana kuanzishwa 717 na mtawa Taicho, aliyekuwa wa kwanza kupanda mlima Hakusan kwa ibada. Palikua pakawa mji mzima wa watawa, maelfu ya nyumba za makazi, jeshi lao wenyewe. Mwaka 1574 wakulima waasi wa Ikko-ikki, wafuasi wa dhehebu lingine la Kibuddha, waliochoshwa nao walipachoma moto pakaisha. Sasa ni shraini ya Shinto, dini ya asili ya Japani, na chini ya mierezi mirefu ardhi yote imefunikwa na kuvumwani, mimea midogo laini ya kijani ambayo watu wanatoka mbali kuja kuipiga picha. Wanatembea kwa kunong'ona. Hakuna anayewacheka watawa wa Heisenji kwa kujenga kupita kiasi, na walijenga kupita kiasi. Miaka 450 imewasafishia jina.

Nilimuuliza dereva kama anadhani Buddha wa Tada naye atapata kuvumwani yake. Akasema zege ni gumu kwa kuvumwani, kisha akanyamaza, kisha akasema mke wake aliwahi kufanya kazi katika moja ya yale maduka, miaka ya mwanzo, na alipenda sana kazi ile.

Lipo jambo linalonipa matumaini, na lipo linalonitia hofu. Linalonitia hofu ni Awaji. Kwenye kisiwa hicho tajiri mwingine alimaliza mwaka 1982 Kannon wa mita 100 pamoja na msingi wake, akafariki 1988, mjane wake akafuata, na 2006 pakafungwa. Hapakuwa na mrithi, vipande vya ukuta vikawa vinaanguka, wenyeji wakaishi kwa wasiwasi kila kimbunga kikija. Mwaka 2020 serikali kuu ikarithi mali hiyo isiyo na mwenyewe, na mwaka uliofuata kazi ya kuibomoa ikaanza. Haikubaki kitu, na kodi za watu ndizo zilizolipa.

Linalonipa matumaini ni mafungu yale ya majani. Katsuyama ina watoto wanaofika kwa maelfu kuona dinosaria na kuondoka jioni. Ina wapiga ngoma wa sikukuu ya Sagicho, ambao kila mwisho wa Februari hucheza kwenye majukwaa ya mbao mitaani huku theluji ikianguka. Ina mama na baba wanaotengeneza tambi za soba za maji baridi na figili iliyokwaruzwa, chakula nilichokula mchana huo na nikaongeza sahani. Wote hao wanafanya shughuli zao katika nafasi finyu za mji, wakati mtaa mzima wenye paa umefungwa mbele ya lango la Buddha. Kama ningekuwa na sauti katika halmashauri ile, ningeomba shata kumi tu zifunguliwe, kodi ya pango iwe bure kwa miaka ya mwanzo, na mwenyeji yeyote wa Katsuyama aingie jumbani bila kulipa, leo na siku zote.